King'ora Hakikamati Mwizi

KUNA vibao vidogo ambavyo vimetapakaa katika kuta za majumba ya Masaki, Oysterbay, Mbezi Beach na mitaa mingine ya wenye nafasi jijini Dar es Salaam. Hubandikwa kando ya lango, na humweleza mpita njia kwamba nyumba hii inalindwa usiku na mchana kwa king'ora kilichounganishwa na kituo cha kampuni fulani, na kwamba walinzi wako tayari kufika. Kibao ni cha rangi kali ili mwizi akione. Lakini anayesomeshwa hasa si mwizi. Anayesomeshwa ni jirani ambaye hana kibao. Naye akishakisoma mara mbili tatu huanza kujiuliza kama mwizi atakayeogopa lango lile hatahamia kwake. Kila anayenunua humwachia jirani yake hofu, na hofu hiyo ndiyo inayoleta mteja wa pili. Bidhaa nyingine hutafutiwa soko. Hii hujizalia soko lake yenyewe.

Hatuna ugomvi na waya, wala na sumaku, wala na betri. Mwananchi ana haki ya kulinda mali aliyoipata kwa jasho lake, na televisheni ya mwalimu ikiibwa uchungu wake si mdogo kuliko wa tajiri. Ugomvi wetu ni na ile kasumba inayoenezwa pamoja na mtambo huu, kwamba usalama ni kitu cha kununuliwa na kufungwa ukutani kama feni. Na ili umma usidanganyike, yafaa kwanza mtambo wenyewe uelezwe, maana wauzaji wake hupenda kuuzungumzia kana kwamba ni hirizi.

Mtambo ni sahili. Katika fremu ya mlango hufichwa swichi ndogo iliyo ndani ya kijibomba cha kioo, na katika ubao wa mlango, mkabala nayo, hupachikwa sumaku. Mlango ukiwa umefungwa, sumaku huvivuta vipande viwili vya chuma vilivyomo ndani ya kioo, vikagusana na kupitisha umeme kidogo. Mlango ukifunguliwa sumaku husogea, vipande huachana, umeme hukatika. Ubongo wa mtambo, ambao ni kisanduku kinachotundikwa aghalabu kabatini au chini ya ngazi, huusikiliza umeme huo wakati wote. Kwa sababu hiyo mwizi anayedhani atashinda kwa kukata waya hujidanganya: kwa kisanduku, kukata waya na kufungua mlango ni jambo moja. Na yule mjanja zaidi, anayejaribu kuunganisha nyaya mbili ili umeme usikatike, hukuta mwisho wa waya pamewekwa kizuizi chenye kipimo maalumu. Kipimo kikibadilika tu, kisanduku hushtuka.

Chumbani, juu kwenye pembe ya ukuta, huwekwa jicho ambalo halitoi mwanga wowote. Kazi yake ni kupokea joto. Kila mwili wenye uhai hutoa joto kwa namna ya miali isiyoonekana, na uso wa jicho lile umegawanywa kwa lenzi katika vipande vingi vilivyotandazwa kama vidole vya mkono. Mtu anapokatiza kutoka kipande hadi kipande, joto lake huonekana, hupotea, kisha huonekana tena, na jicho husema: kuna kitu kinatembea. Halijui ni nani. Baba aliyeamka kunywa maji, mtumishi wa nyumbani, paka, pengine hata pazia linalopeperushwa na upepo wa joto wa saa nane mchana, wote kwake ni wezi mpaka ithibitishwe vinginevyo.

Kisanduku kikishapata habari husubiri kidogo, nusu dakika hivi, ili mwenye nyumba apate nafasi ya kubonyeza namba zake za siri. Zisipobonyezwa, king'ora hulia, na papo hapo ujumbe hupelekwa nje ya nyumba kwa simu ya waya, kwa mtandao wa simu za mkononi, kwa intaneti au kwa redio. Ujumbe huo ni mfupi kuliko telegramu: namba ya mteja, aina ya tukio, na sehemu ya nyumba iliyoguswa. Huangukia kwenye skrini ya mtumishi wa zamu katika kituo, aghalabu kijana anayesimamia nyumba nyingi ambazo hajapata kuzikanyaga hata moja. Kijana huyo hupiga simu na kuuliza neno la siri. Akilipata, jambo limekwisha. Akitajiwa neno jingine, lile lililopangwa kwa ajili ya mtu aliyewekewa bunduki kichwani, hushukuru kwa sauti ya kawaida kisha huita msaada kimyakimya. Simu isipopokelewa, huita msaada vilevile. Kisanduku kina betri yake, jambo ambalo msomaji anayeujua mgawo wa umeme hahitaji kufafanuliwa faida yake. Na kila baada ya muda hutuma ujumbe wa kusema kwamba kizima, ili kituo kikiukosa kijue kuna hitilafu.

Akili hiyo yote ni ya kusifiwa, na mtu anayeidharau sayansi si mjamaa. Lakini msomaji auangalie tena mlolongo huo. Tangu sumaku hadi skrini hakuna hata hatua moja ambapo mwizi ameguswa. Mtambo mzima, kwa bei yake yote na kwa ada yake ya kila mwezi, haufanyi ila jambo moja ambalo bibi zetu walilifanya kwa mapafu yao bila malipo: kupiga yowe. Na yowe, hata liwe la umeme, thamani yake yote iko kwa anayeitikia. Anaitwa nani? Na huyo anayeitwa analazimika kuja?

Jibu la swali hilo limefichwa katika historia ya mtambo wenyewe. Hati ya kuulinda uvumbuzi wa king'ora cha umeme cha wezi ilitolewa Marekani mwaka 1853 kwa Augustus Pope, mchungaji wa Somerville karibu na Boston. Mwaka 1857 mfanyabiashara mmoja, Edwin Holmes, alizinunua haki hizo, na miaka miwili baadaye akahamia New York, mahali penye matajiri wengi zaidi na wezi wengi zaidi. Wakati huo kengele ililia ndani ya nyumba tu. Katika watu walioitoa nje yumo Edward Calahan, fundi wa telegrafu aliyekuwa amekwisha kuvumbua mashine ya kuchapa bei za hisa. Inasimuliwa katika historia ya kampuni ya ADT kwamba mkubwa wake wa kazi alivamiwa na mwizi nyumbani usiku, na kwamba Calahan akabuni njia ya kuiunganisha nyumba ile kwa telegrafu na nyumba hamsini za jirani, ili mmoja akivamiwa wengine wapate habari.

Msomaji asipite hapo kwa haraka. Nyumba hamsini za majirani! Hata katika nchi iliyo mama wa ubepari, wazo la kwanza lilikuwa majirani kuitana. Ni nyumba kumi mara tano. Lakini nyumba hamsini zinazoitana zenyewe hazimletei mtu faida mwisho wa mwezi. Muda mfupi baadaye mji ukagawanywa wilaya wilaya, kila wilaya na kituo chake. Waya ukaacha kwenda kwa jirani ukaenda kwa mwenye kituo. Na mwaka 1874 likazaliwa shirika la American District Telegraph, yaani ADT, ambalo herufi zake tatu zimesimikwa hadi leo katika bustani za Wamarekani. Jirani alitolewa katikati. Mahali pake akaketi mpokea ada.

Mambo yakaendelea kwa mkondo ule ule ambao kila mwanafunzi wa uchumi wa kisiasa angeutabiri. Mwaka 1966 Mahakama ya Juu Kabisa ya Marekani, katika kesi ya serikali dhidi ya kampuni ya Grinnell, ilikuta kwamba kampuni hiyo, kwa kuzidhibiti ADT, Holmes na kampuni ya tatu iitwayo AFA, imeshika zaidi ya asilimia 87 ya biashara ya vituo vilivyoidhinishwa vya kupokea ishara za wezi na moto katika nchi nzima. Mahakama ikahukumu kwamba huo ni ukiritimba. Hukumu hiyo haikuandikwa Moscow wala Peking.

Na yowe hilo la kulipiwa husema kweli mara ngapi? Kijitabu cha Idara ya Sheria ya Marekani kilichotolewa kwa ajili ya polisi kinaeleza kwamba kati ya asilimia 94 na 98 ya wito wa ving'ora vya wezi ni wa uongo. Mwaka 2002 polisi wa nchi hiyo waliitwa na ving'ora mara zipatazo milioni 36, kwa gharama iliyokadiriwa kuwa dola bilioni 1.8. Ada ya mwezi inaingia mfukoni mwa kampuni. Petroli, magari na saa za askari zinatoka kwa mlipa kodi, akiwemo yule asiye na king'ora wala kitu cha kuibiwa. Tukiuita huo mrija, kuna atakayetusahihisha? Mji wa Salt Lake City ulichoka, na mwaka 2000 ukaamuru kwamba polisi hawatakwenda kwa sababu ya king'ora cha wezi mpaka mtu athibitishe kwa macho yake kwamba kuna jambo. Wito wa namna hiyo kwa polisi ukapungua kwa takriban asilimia 90. Maana yake ni kwamba baada ya karne na nusu ya sumaku, telegrafu, simu na kompyuta, mji wa kisasa ulilazimika kurudi kwenye jicho la binadamu aliyesimama mlangoni.

Kuna na madhara mengine ambayo wauzaji hawayataji. Mtambo unaoitazama nyumba kwa ajili yako huweza kukutazama wewe. Mwaka 2021 fundi mmoja wa ADT katika jimbo la Texas alikiri mahakamani kwamba aliingia katika kamera za wateja wapatao 200, zaidi ya mara 9,600, akiwachungulia ndani ya nyumba zao. Alihukumiwa kifungo cha zaidi ya miaka minne. Na Februari 2022 kampuni ya simu ya AT&T ilipouzima mtandao wake wa 3G, visanduku vilivyoutegemea mtandao huo na ambavyo havikuwa vimebadilishwa vilipoteza njia ya kukiita kituo. Mteja alikuwa hajaibiwa na mwizi yeyote. Alinyang'anywa sauti na uamuzi uliotolewa katika ofisi ambayo haijui nyumba yake iko wapi.

Sasa turudi kwetu, maana mtambo huu ulipofika Afrika Mashariki ulivaa vazi la hapa. Kule Marekani kijana wa kituo huwaita polisi. Hapa Dar es Salaam, kama ilivyo Nairobi, gari linalotumwa kwanza ni la kampuni, na ndani yake mna walinzi wa kampuni. Wengi wa walinzi hao ni vijana wa wakulima na wafanyakazi. Yule anayekesha Masaki amemwacha mkewe na watoto Mbagala au Manzese nyuma ya mlango wa bati, mahali ambapo hakuna gari la kampuni litakalofika wakiita. Anauza usiku wake ili tajiri alale, na mshahara anaoupata kwa kazi hiyo haumwezeshi kuweka hata kengele ya mlango. Huyu ndiye nguvu halisi ya mtambo. Ondoa sumaku, mlinzi bado ni mlinzi. Ondoa mlinzi, sumaku ni kitu cha kushikia karatasi kwenye jokofu.

Na je, gari hilo linalazimika kuja? Msomaji mwenye mkataba wa namna hii autoe kabatini ausome hadi mwisho. Mikataba ya biashara hii huwa na desturi ya kubeba kifungu, tena kwa herufi ndogo, kinachosema kwamba kampuni si bima, kwamba haidhamini kuwa wizi hautatokea, na kwamba ukitokea, dhima ya kampuni haitazidi kiasi fulani, ambacho aghalabu ni kidogo sana kikilinganishwa na mali iliyoibwa. Kibao cha langoni kinasema tutafika. Kifungu cha nyuma kinasema tusipofika usitudai. Mwenye nyumba amelipia ahadi ambayo mtoaji wake ameikana kwa maandishi.

Linganisha na yale yaliyofanywa na wakulima wa nchi hii. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, vijiji vya Usukuma na Unyamwezi vilikuwa vimechoshwa na wizi wa ng'ombe na ujambazi wa silaha uliozidi baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979. Havikungoja kampuni. Viliunda Sungusungu. Silaha yao kubwa haikuwa mshale. Ilikuwa yowe, lile ambalo huko huitwa mwano, likipokelewa kwa mayowe na filimbi kutoka mji hadi mji, kijiji hadi kijiji, mpaka mwizi wa ng'ombe akajikuta kila njia anayoikimbilia imekwisha amka. Na mtu aliyesikia mwano akajifunika shuka alitozwa faini, au alitengwa, hata akikosa moto hakuna wa kumpa. Huko ndiko kulazimika kuja! Mwalimu Nyerere na Chama waliwaunga mkono wakati baadhi ya watu wa vyombo vya dola walipowatazama kwa jicho baya, na mwaka 1989 walipewa nafasi katika sheria ya mgambo.

Hatusemi kwamba Sungusungu walikuwa malaika. Walipiga watuhumiwa, na mahali pengine waliwaandama vikongwe wasio na hatia kwa tuhuma za uchawi. Jambo hilo ni aibu na halina utetezi. Hali kadhalika, umati wa Tandale unaomvisha mtu tairi na kumchoma moto kwa ajili ya simu ya mkononi hauitikii yowe, unafanya mauaji. Lakini dawa ya yowe lililopotoka si kuliuza kwa kampuni. Dawa ni kuliweka chini ya sheria na uongozi, na hilo linawezekana, kwa kuwa lilikwisha kufanyika. Mpango wa nyumba kumi kumi uliojengwa na TANU katika miaka ya 1960 ulimfanya balozi ajue nani amepata mgeni, nani amesafiri, nyumba ya nani iko tupu. Jirani zetu wa Kenya, ambao hakuna atakayewatuhumu kwa kupenda ujamaa, mwaka 2013 waliuchukua mpango huo pamoja na jina lake, wakauita Nyumba Kumi.

Nasi tumeufanyaje? Tangu vyama vingi viliporejea mwaka 1992, balozi ni kiongozi wa shina la Chama, na raia wa chama kingine ana haki ya kutomfungulia mlango. Kazi ya ulinzi ikawa ya serikali ya mtaa, na mahali pengi imebaki kuwa michango ya ulinzi shirikishi inayokusanywa kwa nguvu na kutumika bila maelezo. Chama nacho kisikwepe lawama yake. Azimio la Arusha la 1967 lilimkataza kiongozi kupangisha nyumba na kupokea mishahara miwili. Masharti hayo yalipolegezwa Zanzibar mwaka 1991, kuta zilianza kupanda. Wapo viongozi wanaosimama jukwaani asubuhi wakihimiza ulinzi wa jadi, na jioni wanapita chini ya kibao cha kampuni kuingia majumbani mwao. Kiongozi wa namna hiyo hamjui jirani yake, na jirani yake, akisikia king'ora kinalia ndani ya ukuta ule, hugeuka upande wa pili akalala. Kwa nini aamke? Amekwisha kuambiwa kwa maandishi kwamba kazi hiyo ina mwenyewe.

Hatudai ving'ora ving'olewe. Tunadai mkataba wa mteja uandikwe kwa Kiswahili, na kile kifungu cha kukana dhima kiwekwe ukurasa wa kwanza kwa herufi kubwa kama zile za langoni. Kampuni zilazimishwe kutangaza kila mwaka zimeitwa mara ngapi, mara ngapi ulikuwa uongo, na gari lilichukua dakika ngapi kufika. Takwimu hizo wanazo, kwa sababu kila ujumbe hurekodiwa na saa yake. Kampuni itakayowaburuza polisi kwa king'ora kibovu mara kwa mara ilipie. Na mshahara wa mlinzi uwe jambo la kwanza kukaguliwa kabla ya leseni.

Kuna na jambo moja ambalo halihitaji Bunge wala leseni. Katika kila kituo, jina la mteja huambatana na orodha ya watu wa kupigiwa simu mwenyewe asipopatikana. Mteja ndiye anayeijaza. Tumezoea kumwandika shemeji aliyeko Morogoro, au mtoto anayesoma ng'ambo, watu ambao hata wakipokea simu saa tisa za usiku hawana la kufanya ila kuhangaika kitandani. Nafasi hizo zinatosha kuandikwa jirani wa kulia, jirani wa kushoto, na mwenyekiti wa mtaa, bila kubadilisha hata swichi moja, na bila kuuliza ni wa chama gani. Makatibu wa matawi ya Masaki na Oysterbay wanaweza kuanza wiki hii, kwa kupita lango hadi lango na kuuliza: katika orodha yako, jirani yako yumo? Waanzie kwenye majumba ya viongozi.